Mwaka wa Kuning'inia Miguu

Msibani wanawake hukaa chini, na mimi siwezi kukaa chini. Hilo ndilo lililonitia unyonge kuliko kifo chenyewe, asubuhi ile nilipoingia nyumbani kwa marehemu Mama Faraji, Kipawa, nikakuta sebule imetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta, kina mama wamejipanga, wengine wamenyoosha miguu, wengine wameegemeana. Nilisema poleni, nikaitikiwa, nikasogezewa nafasi. Nikabaki nimesimama mlangoni. Ndege ilikuwa ikishuka juu ya mapaa, ikameza maneno yangu, na ilipokwisha kupita nikalazimika kuyarudia mbele ya watu wote: samahanini, mgongo wangu mbovu, naomba kiti. Mama mmoja alinipandisha na kunishusha kwa macho, maana sina umri wa kuomba kiti msibani. Binti wa makamo ya shule, mjukuu wa marehemu, akaingia chumba cha ndani, akatoka anasukuma kiti cha ofisi, cheusi, cha vigurudumu. "Kalia hiki, mama," akasema. "Kimeshuka tu, hakipandi tena." Nilikijua kabla hakijanifikia. Kwenye kile kichuma cha pembeni bado palikuwa na gundi ya tepu nyeusi, na chini ya mkono mmoja kilikuwa kimenasa kipande cha nailoni, kimegeuka rangi ya njano. Nilitaka kurudi nyumbani. Lakini watu walikuwa wananitazama, na marehemu alikuwa bado hajatolewa ndani, kwa hiyo nikakaa.

Nilipokuwa msichana nilikikalia kiti hicho mwaka mzima, katika steshenari ya Mama Faraji pale Sinza. Ilikuwa chumba kimoja kilichofungua mlango barabarani, kushoto gesti, kulia saluni ya Mama Pendo, na kati yetu na saluni hapakuwa na tofali, palikuwa na plaiwudi. Kwa hiyo nilifanya kazi siku zote nikisikia habari za waume wa watu pamoja na harufu ya dawa ya nywele. Upande wetu kulikuwa na mashine ya fotokopi iliyotupikia joto tangu asubuhi, kaunta ndefu ya mbao, benchi la wateja, na nyuma ya kaunta meza fupi ya kompyuta ambayo Mama Faraji aliitoa chumbani kwake, ilikuwa ya kupigia pasi. Mchana tulikula wali maharage kutoka kwa mama ntilie wa pembeni, yeye akila kwanza kwa sababu ana vidonda vya tumbo, mimi nikila mteja akipungua. Na kulikuwa na kiti. Kilikuwa kipya, ndani ya nailoni yake, na amri ya kwanza niliyopewa kazini haikuhusu kompyuta wala wateja.

"Hiki ni cha Faraji," aliniambia, ameweka mkono juu ya mgongo wa kiti. "Akimaliza masomo India anakuja kukaa hapa, awe meneja. We unamkalia tu kwa sasa. Nailoni usiitoe, na hako kachuma ka pembeni usikaguse. Nishamwambia fundi akipandishe saizi ya mwanangu. Mrefu yule, kamchukua baba yake."

"Mbona mie mfupi, mama?"

"Si unakaa tu? Unatembea nacho?"

Kichuma chenyewe, kile cha kupandishia na kushushia kiti, alikwisha kukizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme, raundi nyingi, na kiti kilisimama juu hivyo, kikimsubiri mwanawe. Mimi nikakipanda. Nasema nilikipanda, kwa sababu ilibidi nishike meza nijivute. Miguu yangu haikufika chini. Ukingo wa kiti ulinikata nyuma ya mapaja, na ikifika saa ya adhuhuri vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikisogea mbele angalau ncha za viatu ziguse sakafu, vigurudumu vinakimbia nyuma. Nikiegemea, kibodi inakuwa mbali na mikono. Meza fupi, kiti kirefu, katikati yake mimi, nimejikunja nikiinamia herufi, shingo mbele, kiuno nyuma. Nailoni ilininata kwa jasho, na kila nilipojigeuza ililia kiasi cha mteja kugeuka kutazama. Niliomba kukaa kwenye benchi nichape kutokea hapo. Mama Faraji akakataa, mteja akiingia aone uso, si kaunta tupu. Nikaweka rimu mbili za karatasi chini ya miguu. Akaziondoa siku hiyo hiyo, akazifuta kwa upindo wa kanga yake, akanionya kwamba karatasi haikanyagwi, kwenye karatasi ndiko linakoandikwa jina la Mungu. Alikuwa anaamini kweli. Alizihurumia zile rimu kwa moyo wote, nami niliona alivyozihurumia, na ndiyo maana mpaka leo nikiona rimu ya karatasi dukani nakasirika.

Sasa hivi wasichana ninaowasimamia kazini wanaletewa watu wa kuwafundisha namna ya kukaa. Mwaka ule mafunzo hayo niliyachapa mimi mwenyewe. Alikuja mwanafunzi mmoja wa uuguzi na kijitabu chake cha mwandiko wa mkono, kilichokusudiwa watumishi wa ofisini, nami nikakichapa neno kwa neno: nyayo zote mbili zikanyage sakafu, magoti yawe usawa wa nyonga, kiwiko kikae karibu na ubavu, mgongo uegemee, kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, na kila mara mtu ainuke ajinyooshe. Nilichapa huku miguu ikining'inia. Alipokuja kukagua kazi yake aliisoma amesimama upande wa pili wa kaunta, uso wangu uko mbele yake, akasema sijakosea hata herufi moja. Kaunta ilimficha yote yaliyobaki.

Nilivumilia kwa sababu asubuhi na mchana havikuwa maisha yangu. Maisha yangu yalikuwa jioni, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mpira wa pete. Nilicheza senta, na huko ufupi wangu ulikuwa mali: nilipita chini ya mikono ya wasichana wakubwa, nikageuka, mpira umeshatoka. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Tabu, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, ambaye hakuwahi kumtukana mchezaji. Mwaka ule taasisi moja ya umma, sitaitaja, ilikuwa inaimarisha timu yake, na msichana aliyefaulu majaribio alikuwa anaajiriwa kabisa, asubuhi ofisini, jioni uwanjani, na mafao ya uzeeni. Mwalimu Tabu ndiye aliyetakiwa kupeleka wasichana wa kwetu. "Somoe, we sina hata haja ya kukufikiria," aliniambia. Nililala nikiona jezi. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima ambaye ameshataka vitu vingi baada ya hapo.

Mgongo ulianza kunikamata nikiruka. Mwanzoni ulikuwa mchomo mdogo kiunoni nikishuka chini, halafu ukawa unashuka na mguu wa kulia mpaka kwenye kisigino. Nyumba niliyopanga chumba ilikuwa ya Bi Hadija, bibi wa kwetu Lindi aliyekuwa akizalisha wanawake zamani, na yeye ndiye aliyeniona asubuhi moja nimeshindwa kuinama kuchukua ndoo. Hakuniuliza mengi. Alinilaza kifudifudi kwenye mkeka wa ukumbini, akanikanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, vidole vyake vikitafuta, akiguna akipata. Kisha akaleta kitambaa kirefu cha marekani, akaweka goti kiunoni mwangu, akanifunga mkaja.

Nilishtuka, maana mkaja ni wa mzazi. Mwanamke akijifungua ndipo anapozungushiwa kile kitambaa, tumbo lirudi na kiuno kifunge, na anapewa uji wa pilipili manga kumtia joto. Nikamwambia, "Bibi, si watasema nimezaa?"

"Nani atakuvua nguo akuone? Funga. Kiuno hakijui kimefunguka kwa kuzaa au kwa kukaa."

Na uji akanipikia, kila asubuhi, akaujaza kwenye chupa ya chai, mweusi kwa pilipili manga, niende nao kazini. Dawa yake ilinisaidia. Nilifungwa alfajiri, nikavaa gauni pana juu yake, na kwenye kile kiti kirefu nikakaa nimenyooka kwa mara ya kwanza. Mama Faraji akasifu, siku hizi umependeza, unakaa kama watu wa benki. Nikawa natarajia kufika kwenye majaribio nikiwa mzima. Nampenda Bi Hadija mpaka leo, Mungu amrehemu, na bado natamani asingenihurumia.

Ikawa siku moja karatasi zimeanguka, nimeshuka kuziokota, gauni limenasa kwenye kona ya meza likafunguka vifungo vya ubavuni. Mama Faraji alikuwa nyuma yangu.

"Somoe. Nini hicho kiunoni?"

"Mkaja, mama."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndilo jina lake. Yeye akaitazama chupa yangu mezani, akaifungua kizibo, akanusa. Alinusa mara ya pili. Akaenda kurudishia mlango nusu.

"Umejifungua lini?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. "Sijazaa mama, jamani. Mgongo. Hiki kiti kinaniumiza, kiko juu, miguu haifiki."

"Kiti?" Alikitazama, akanitazama. "Kiti cha mwanangu ndo kimekufunga mkaja na kukunywesha uji wa pilipili? Mwanangu, mie nimezaa. Usinifundishe."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kesho yake alikuja na doti mpya ya kanga ndani ya mfuko, akanipa bila maneno, ile hongera ambayo mama humpa mwanamke aliyetoka uzazini. Mtu mzima akikupa kitu hukirudishi. Nilifunzwa hivyo kama walivyofunzwa wote niliokua nao: unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, unasema ahsante mama. Nikapiga goti, nikapokea, nikasema ahsante mama, huku moyoni nikijiambia nitamweleza akitulia. Baada ya chakula nilimsikia ng'ambo ya plaiwudi, anasukwa nywele kwa Mama Pendo.

"Kapokea?" Mama Pendo aliuliza.

"Mikono miwili, na goti kapiga."

"Basi kazaa. Asiyezaa angekurushia. Baba nani?"

"Nani ajuae? Hapa gesti kila kona, dada."

"Na mtoto?"

"Keshampeleka kwao Lindi, kwa bibi yake. Mie simfukuzi. Namhurumia. Ila wasichana hawa wanajua kuficha, maana mie tumbo sijaliona hata siku moja, kutwa yuko nyuma ya kaunta."

Nilikuwa nimekaa juu ya kile kiti, miguu inaning'inia, nasikia. Ningeweza kutoka nikavua gauni katikati ya saluni. Nilifikiria hivyo kweli. Nikabaki nachapa, kwa sababu kulikuwa na mteja, na kwa sababu wakati ule nilidhani uongo usio na miguu hauwezi kufika mbali.

Ulifika uwanjani ndani ya wiki hiyo. Mwalimu Tabu aliniita pembeni, chini ya goli, akanishika mkono. Alisema pole, halafu akasema hongera, na maneno hayo mawili yakifuatana nikajua kila kitu. Nikamwambia ni uzushi, twende hata kwa daktari anipime sasa hivi. Nikamweleza habari za kiti. Nilipolitaja neno kiti nikaona uso wake ukilegea, yaani ananisikitikia zaidi.

"Somoe mwanangu, kazi yako si ya kukaa tu? Kukaa kunamvunja mtu mgongo? Sie tunaosimama darasani kutwa tusemeje?"

"Kiko juu, Mwalimu. Miguu haikanyagi."

"Haya, tuseme hujazaa. Mkaja si umefunga? Basi mgonjwa. Nikikupeleka ukaanguka kule mbele ya watu, mie ntamwambia nini Mungu? Lea kwanza. Ukipoa, mwakani upo."

Nikaomba mpira. Sikumwomba yeye, niliwaomba wenzangu, nikapiga kelele nirushiwe, na mmoja akanirushia juu, kimo changu cha kila siku. Niliruka. Juu nilikuwa mzima, mpira niliudaka, naukumbuka ulivyojaa mikononi. Kushuka ndiko nilikoshindwa. Kiuno kilikamata, mguu wa kulia ukakataa, nikaenda chini kifudifudi na vumbi likaniingia mdomoni. Wakanizunguka, wakanipepea kwa jezi, mwingine akakimbilia maji. Nilimsikia msichana mmoja, rafiki yangu aliyecheza winga, akisema kwa huruma, "Arobaini haijafika huyu, jamani." Mwalimu Tabu alivua kanga yake akanifunika miguu, ili wavulana waliokuwa wakipita wasinione. Wote walikuwa wema sana siku ile. Aliyekwenda kwenye majaribio ni msichana mwingine, akafaulu, na sina kinyongo naye. Mwakani niliyoahidiwa ilipofika nilikuwa siwezi hata kuruka mfereji.

Faraji alirudi mvua za vuli zilipoanza. Mama yake alifunga kazi mchana, akaleta pilau sufuria nzima, Mama Pendo na wateja wake wakaalikwa, tukala tumesimama mle ndani na vijiko vikigongana. Alikuwa mrefu kweli, mpole, ana miwani. "Haya meneja, kalia kiti chako," mama yake akamwambia, na wote tukasogea tumwone. Akakaa. Akajaribu kuingiza magoti chini ya meza, hayakuingia. Akatazama chini.

"Mama, nani kakipandisha hivi? Mtu anakaaje hapa?"

Akachokoa ile tepu kwa ukucha, akaibandua yote, akakivuta kile kichuma huku amekaa. Kiti kikapumua, kikashuka taratibu naye juu yake. Akaachia. Akasogea mezani, akaweka mikono. "Hapa sawa," akasema. Halafu akaichana nailoni, akaifinyanga, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kwa muda wa kutafuna tonge moja la pilau yalikwisha yote niliyokatazwa mwaka mzima, na hakuna aliyemkemea. Hata kwake yeye kilikuwa juu mno. Kile kimo hakikuwa cha mtu yeyote, kilikuwa cha mtoto anayekumbukwa na mama yake kutoka mbali. Mama Faraji alipiga makofi kwa furaha.

"Kaa vizuri mwanangu," akamwambia. "Mgongo ni kitu cha kuangalia."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na fotokopi, sahani mkononi. Sikulia. Nilihamishiwa kwenye benchi, sasa kaunta tupu haikuwa tatizo tena, na kabla ya Ramadhani niliacha kazi. Nikauza vitambaa kwa kusimama, miaka na miaka, maana kukaa kuliniuma zaidi. Leo ninasimamia duka la mtu mwingine, na wasichana wa pale nawakagua miguu yao chini ya meza kabla sijawakagua kazi. Wananiita mama wa viti. Hawajui, nami siwaelezi.

Pale msibani wanaume waliporudi kutoka makaburini, Faraji aliingia kuwasalimu kina mama. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi, macho mekundu. Alipita akishikana mikono, akanifikia, akasimama.

"Dada Somoe! Jamani. Umekuja."

"Pole, Faraji. Mungu amlaze pema mama."

"Amina. Alikuwa anakutajataja mpaka mwisho. Anasemaga, yule binti alikuwa anakaa wima, sijapata mwingine." Akainama kidogo, sauti ya upole. "Na yule mtoto wa Lindi? Atakuwa mtu mzima sasa."

Wanawake wa mkekani wakageuka. Nilikuwa nimeyatunza maneno miaka yote, maneno marefu, yenye ushahidi, na nilikuwa nimeyatunza kwa ajili ya mama yake, ambaye walikuwa wametoka kumfukia.

"Hakukuwa na mtoto, Faraji," nikasema. "Hata siku moja. Kulikuwa na hiki kiti."

Alikitazama kiti. Alinitazama mimi, kisha mgongo wangu, jinsi nilivyokuwa nimeushika kwa mkono. Hakuelewa hata kidogo, na uso wake ukajaa wasiwasi wa mwenyeji.

"Kinakuumiza? Nikuletee kingine?"

Mwaka ule mzima nilingoja mtu mmoja tu aniulize hivyo. Nilitazama chini. Kiti kilikuwa kimeshuka mpaka mwisho wake, na nyayo zangu zote mbili zilikuwa zimekanyaga chini.

"Acha," nikamwambia. "Sasa miguu inafika."